Mkata na Mkaa

Wazee wa pwani walipotaka kumtaja mtu asiye na kitu walisema: huyo ni mkata. Neno hilo hilo, ukiligeuza upande wa pili, ni mtu anayekata: mkata kuni, mkata miwa, mkata miti. Nami nimezaliwa mahali panapoitwa Mkata. Sisemi ile mbuga ya Mkata iliyoko Morogoro. Nasema Mkata ya Handeni, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, pale inapochepuka njia ya kilomita 54 iendayo Handeni mjini. Sidai kwamba jina la kwetu limetokana na lolote kati ya maneno hayo mawili. Lakini kila nionapo gunia la mkaa nakumbuka kwamba kwetu mkata wa kwanza na mkata wa pili mara nyingi amekuwa mtu yule yule.

Siku hizi tunaambiwa kwamba kila nyumba ina wajibu wa kupunguza hewa ukaa inayopanda angani na kuipasha dunia joto. Ni maneno ya kweli, wala sina ugomvi nayo. Kinachonisumbua ni kwamba husemwa kana kwamba ni elimu ngeni, iliyoletwa juzi na wataalamu wenye mikoba, na kana kwamba nyumba zetu hazina historia yoyote katika jambo hili. Ninayo historia ya nyumba moja, yaani yetu, nayo ni historia ya mioto mitatu: moto wa bibi yangu, moto wa baba yangu, na moto wangu mimi mwenyewe.

Moto wa bibi ulikuwa wa mafiga matatu. Kuni zake zilikuwa matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, kwani mti mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na mwanamke mwenye shoka moja lisilo na makali hana haja ya kupigana na mti uliosimama. Chungu kilipoanza kuchemka bibi alivuta vijiti viwili nje na kuacha kimoja, akisema kwamba chakula kilichokwisha kuchemka hakiivi upesi zaidi kwa kukichochea. Maharage na mahindi ya makande yalilala katika maji usiku kucha kabla ya kupanda motoni. Ugali ulipoepuliwa, sufuria ya maji ya kuoga ilikuwa tayari imesubiri zamu yake, ili joto lililobaki lisipotee. Usiku alifukia kaa moja kubwa ndani ya jivu, na alfajiri lilikuwa hai bado. Likifa, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kuomba moto. Kiberiti kilikuwa kitu cha kuhesabu njiti.

Na haikuwa jikoni tu. Kibuyu kilichopasuka kilishonwa. Kopo la maziwa liligeuka koroboi, na koroboi ilizimwa mara watu walipomaliza kula, maana mafuta ya taa yalinunuliwa kwa kipimo cha kifuniko. Tairi bovu la lori lilikatwa likawa katambuga, na katambuga hizo zilivaliwa mpaka kisigino kikagusa ardhi. Sikumbuki jalala katika mji wa bibi. Sisemi kwamba palikuwa safi mno, ila hapakuwa na kitu cha kutupa. Maganda yalikwenda kwa mbuzi, na jivu lilikwenda shambani.

Hapa ndipo waandishi wengi wangeweka kalamu chini na kusema: tazameni, wazee wetu waliishi vizuri, nasi tumeharibu. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu nilimwona bibi machoni. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nilipopata akili mpaka siku aliyokufa, na kikohozi chake tulikizoea kama tunavyozoea mlio wa jogoo. Hatukujua kwamba ni moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 pekee watu milioni 3.2 duniani walikufa mapema kutokana na hewa chafu ya ndani ya nyumba, na wengi wao ni watu wanaopikia kuni, mkaa, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa. Bibi hakuwa mlinzi wa mazingira. Alikuwa mkata, kwa maana ile ya kwanza, na mkata hawezi kupoteza. Alichokijua kuhusu moto kilikuwa kweli na kina thamani mpaka leo. Lakini alikilipia kwa mapafu yake, na sipendi tukisifu bila kutaja bei.

Tena ile nyika iliyokuwa ikimpa kuni haikuwa ya tangu Adamu, kama nilivyodhani utotoni. Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1990 juu ya nchi hii ya Wazigua kati ya mwaka 1840 na 1940, ameonyesha kwamba zamani watu wenyewe ndio waliokuwa wakiitawala nyika kwa kulima, kuchoma majani kwa wakati wake na kuchagua mahali pa kujenga, wakamweka mbung'o mbali na mifugo yao. Njaa kubwa ya miaka ya 1894 hadi 1896, pamoja na magonjwa ya mifugo na utawala wa kigeni, vilivunja utaratibu huo. Watu walikufa na kutawanyika, na pori likarudi likiwa na mbung'o wake. Kwa hiyo sehemu ya pori ambalo wazazi wetu walilikuta limefunga si baraka ya asili tu. Ni kaburi la mashamba ya watu waliotangulia. Na hata katika nyakati hizo ngumu kulikuwa na vichaka ambavyo shoka halikuingia, vichaka vya matambiko na makaburi. Watafiti waliopita Handeni katika miaka ya 1990 walivihesabu kwa mamia. Nataja hayo ili tusiseme kwamba watu wa kwetu hawakujua kulinda. Walijua mahali pa kukata na mahali pa kuacha, na mpaka baina yake uliwekwa na watu, si na pori.

Kisha yakaja mambo mawili kwa pamoja, na nyumba yetu ikabadilika.

La kwanza lilikuwa vijiji. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Nilikuwa mtoto wa miaka 5 tulipohama kutoka mji wa bibi, nyumba nne zilizojificha katika miti, tukaletwa karibu na barabara. Yako mema tuliyoyapata: shule, zahanati, bomba la maji lililofanya kazi siku nyingine na siku nyingine likakataa. Mwaka 1977, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya watoto wote, nilikuwa miongoni mwa walioketi chini ya mwembe kujifunza a e i o u. Lakini kaya nyingi mahali pamoja ni mafiga mengi mahali pamoja. Kuni ambazo bibi aliziokota kwa hatua za kuhesabika, mama alizifuata kwa mwendo wa asubuhi nzima.

La pili lilikuwa uhaba. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne kati ya mwaka 1973 na 1974, na nchi maskini zisizo na visima zilikabwa koo. Msomaji wa umri wangu atakumbuka kwamba magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Sisi watoto tuliifurahia marufuku hiyo, kwani Jumapili jioni barabara kuu iligeuka uwanja wa mpira. Baadaye vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimaliza hata akiba iliyobaki. Sabuni ikawa hadithi, sukari ikawa ya foleni, na shati lilitiwa kiraka juu ya kiraka. Redio ilitufundisha kwa kampeni: Mtu ni Afya mwaka 1973, kisha Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali, watu wakahimizwa kupanda miti.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini, kati ya mambo hayo yote ya kubana matumizi, ni machache sana yaliyodumu. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 na bidhaa zikarudi madukani, tulitupa viraka na katambuga kwa furaha, na hakuna aliyetaka kukumbushwa. Nadhani sababu ni hii: mtu aliyezuiwa kwa amri au kwa ufukara hajachagua. Siku mlango unapofunguliwa hukimbia nje, na hukimbia mbali zaidi ya yule ambaye hakufungiwa. Wale wanaotuambia leo tuishi kwa kiasi wakumbuke kwamba wanasema na watu ambao neno kiasi liliwahi kuwaumiza.

Katika uhaba huo ndipo baba alipowasha moto wake. Alianza kuchoma mkaa baada ya mvua kukataa misimu miwili na mahindi kukauka yakiwa yametoa mbelewele. Mwanzo alisema ni kwa mwaka mmoja tu.

Wengi wanaopika kwa mkaa hawajawahi kuona tanuri. Unakata mti mbichi, mkambala au mgunga au mmojawapo wa jamii ya miombo, unaukata vipande, unavipanga kama kitanda kirefu, unavifunika kwa majani na kisha kwa udongo, unaacha tundu la kuwashia na matundu ya kupumulia. Kazi ya kweli inaanza hapo. Moto ukipata hewa nyingi mti wote unakuwa jivu. Ukikosa hewa unazimika na magogo yanabaki mabichi. Baba alilala kando ya tanuri siku hadi siku, akisoma moshi kama shekhe asomavyo kitabu. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka katika mti. Ukigeuka mwembamba wa rangi ya buluu, mkaa unakaribia, na ni wakati wa kuziba. Mara nyingine udongo ulititia mahali fulani na ilimbidi kupanda juu kuuziba kabla hewa haijaingia. Alikuwa na kovu la moto kuanzia wayo hadi goti.

Tanuri la udongo la namna hiyo hutoa mkaa wenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wa mti ulioingia. Tuchukue asilimia 15. Gunia la kilo 50 basi limekula zaidi ya kilo 330 za mti. Kilichobaki kimekwenda hewani kama moshi, na ndani ya moshi huo mmo hewa ukaa pamoja na gesi nyingine zenye nguvu zaidi ya kuipasha dunia joto. Haya sikuyajua. Nilichokijua ni kwamba ada ya shule za sekondari iliporudishwa katikati ya miaka ya 1980, mimi nikiwa kidato cha kwanza, baba alihesabu karo, nauli, sare na godoro, si kwa shilingi bali kwa magunia. "Huyu ni magunia 14," alimwambia mama, nikiwa nasikia. Sijawahi kusahau bei yangu.

Ndiyo maana siwezi kuandika juu ya mchoma mkaa kama wanavyoandika wengine, kwamba ni adui wa misitu. Mimi ni mkaa. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, kila daftari na kila kipande cha sabuni kilitoka katika tanuri lile. Miti ile haikurudi katika uhai wa baba, nami niko hapa ninaandika.

Na baba hakuupika mkaa ule ili aule. Mama aliendelea kupikia kuni. Mkaa ulikuwa ghali mno kwetu. Malori yaliupeleka Dar es Salaam. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wasiotimia 300,000. Hesabu ya mwaka 2022 iliukuta mkoa huo na watu zaidi ya milioni 5.3. Mtu aliyepanga chumba kimoja mjini hawezi kupikia kuni uani pamoja na wapangaji wengine wanane. Mkaa ni mwepesi kubeba, hautoi moshi mwingi, hauozi, na unaweza kununuliwa kwa kopo siku ambayo mfukoni mna senti chache. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Watanzania walikuwa wakitumia kiasi cha tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake iliteketea Dar es Salaam peke yake. Kwa hiyo shoka lilikuwa Mkata, lakini mkono ulioliinua ulikuwa mbali, umeshika mwiko.

Mkono huo baadaye ukawa wangu. Nilihamia Dar es Salaam mwaka 1990, nikaoa, nikanunua jiko la bati kama kila mtu. Katika nyumba yangu gunia moja lilikwisha kwa mwezi. Niliponunua gunia langu la kwanza niliuliza limetoka wapi. Muuzaji akajibu bila kuinua macho: "Handeni." Nilinyamaza. Magunia 12 kwa mwaka, kwa hesabu niliyoieleza juu, ni kama tani 4 za miti. Nilikuwa nalipa watoto wa watu wengine karo, na nilikuwa nawamalizia pori.

Jiko la bati hupeleka sehemu ndogo tu ya joto lake katika sufuria. Linalobaki linampasha moto mpishi na ukuta. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya na jadidifu, na katika miaka hiyo hiyo mafundi wao, kwa kuiga wazo lililotoka Thailand, walitengeneza jiko la bati lenye kiuno chembamba na kauri ya udongo ndani. Kwetu lilikuja kuitwa jiko bora, na tangu mwaka 1990 shirika la TaTEDO limekuwa likieneza majiko ya namna hiyo. Hupunguza mkaa kwa theluthi au zaidi. Mke wangu alilinunua kabla yangu mimi kukubali, na ndiye aliyeweka hesabu: magunia 12 yakawa 8. Hakuhitaji mhadhara wowote juu ya tabia nchi. Alihitaji jiko lisilopasuka baada ya miezi 3, na fundi mwaminifu wa kubadilisha kauri.

Naam, ziko njia ambazo hazikufaa. Mwanzoni mwa mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku nchini. Marufuku ilidumu majuma 2 hivi, bei ikaruka, ikaondolewa. Huwezi kuzima mamilioni ya majiko kwa tangazo wakati hakuna moto mwingine. Tofauti ya sasa ni kwamba moto mwingine umeanza kuwapo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka huo pia.

Lakini mtu wa Handeni na Korogwe hahitaji kutazama Rufiji. Kituo cha umeme wa maji cha Hale, wilayani Korogwe, kimekuwapo tangu mwaka 1964, na Maporomoko mapya ya Pangani tangu mwaka 1995. Pale pale Hale, mwaka 2008, ulifunguliwa mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge. Jani la mkonge likishakamuliwa, nyuzi hazifiki asilimia 5 ya uzito wake. Yaliyobaki yalikuwa yakitupwa tangu zao hilo lilipoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kwa zaidi ya miaka 100 tulitupa moto mtoni. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka bibi na sufuria yake ya maji ya kuoga.

Kwa upande wetu nyumbani, jambo lililogeuza hesabu ni jiko la umeme la presha. Tuliogopa bili. Mke wangu akapika makande ndani yake akiangalia mita, na chungu kizima kikaiva kwa chini ya uniti moja. Kwa mkaa, makande hayo hayo yalikula shilingi nyingi zaidi ya mara mbili. Chai na mboga tunapikia gesi, ambayo nayo hutoka ardhini na ina hewa ukaa yake, lakini haitaki tani za miti. Mkaa tumeuachia nyama ya kuchoma na siku za kukatika umeme. Gunia moja sasa linakaa miezi 4. Maharage bado yanalala majini usiku, na sufuria inafunikwa; jiko jipya haliondoi akili ya zamani. Aidha, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kikapu cha ukindu kimerudi nyuma ya mlango wetu, mahali kilipokuwa kwa bibi.

Najua atakayesema: hayo yote ni tone baharini. Mtanzania wa kawaida, kwa hesabu za mafuta na viwanda, hutoa kiasi cha robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka, na Mmarekani hutoa karibu tani 14. Kwa nini mkata ndiye aambiwe apunguze? Hoja hiyo ni ya haki, nami nataka isemwe kwa sauti katika kila mkutano wa dunia. Lakini haki hiyo haiwezi kuniivishia makande, wala haiwezi kumrudishia mama yangu miguu aliyoichosha akitafuta kuni. Nyumba yangu haikubadilisha moto ili kuiokoa Marekani. Ilibadilisha kwa sababu pori lililokuwa likiteketea lilikuwa la kwetu.

Mwaka jana nilikwenda Mkata kumjulia hali baba mdogo, ambaye bado anachoma mkaa, mzee wa miaka zaidi ya 70. Nilimkuta amekaa kibarazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Dar?"

Nilimweleza habari za Dar, na kwa ujinga wangu nikajisifu habari za jiko la presha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ninyi wa mjini mkizima majiko yenu, sisi huku tutazima njaa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza habari za Kilosa, ambako kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vilipewa njia ya kuchoma mkaa bila kumaliza msitu: msitu wa kijiji unagawanywa vitalu, kila mwaka wanakata vichache, visiki vinaachwa virefu vichipue, na kitalu kikikatwa hakirudiwi mpaka miaka 24 ipite. Ushuru unabaki kijijini, kwa shule na zahanati. Alikubali kwa kichwa sehemu ya visiki. Alisema miombo huchipua kweli, usipolima juu yake na usipoichoma moto. "Lakini miaka 24," akasema, "mimi sina." Kisha akanionyesha michungwa 60 aliyoipanda nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na tanuri la baba. Udongo wa pale ni mweusi bado.

Nimeifikiri sana safari hiyo. Kama kila nyumba ya Dar es Salaam itafanya kama yangu, na natumaini itafanya, basi fedha iliyokuwa ikija Mkata ndani ya magunia matupu na kurudi mjini ikiwa mkaa itakoma. Haitoshi kumwambia baba mdogo kwamba hewa imekuwa safi. Yuko anayeokoa fedha kwa jiko jipya, naye ni mimi. Na yuko anayepoteza, naye ni yeye. Anayesema na kaya juu ya kuishi kwa kiasi lazima azihesabu kaya zote mbili, ile iliyo na jiko na ile iliyo na shoka.

Siku ya kuondoka nilisimama barabarani kungoja basi. Kijana mmoja alinijia na gunia la mkaa mgongoni, kofia yake ya majani imefungwa vizuri kwa kamba. Alitaja bei, nikatikisa kichwa. Akapunguza, nikatikisa tena. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura, nami nilimtazama kama mtu anayejua. Pembeni kulikuwa na mama anauza machungwa. Nilijaza kikapu, sikuomba apunguze bei. Basi likaja. Nilipanda nikiwa na machungwa mengi kuliko tuwezavyo kuyala, na mpaka Chalinze sikuweza kumtoa kijana yule machoni. Nilikuwa najiuliza ni magunia mangapi kwake, na ni mtoto gani aliyekuwa nyumbani akisikiliza hesabu.